Nyegere Aliyesingiziwa Kikohozi

Shuaib Bakr alikuwa na ugonjwa mmoja tangu utotoni: kila akisema kweli, watu walicheka. Mwaka aliomaliza kidato cha nne alikimbia mtaa mzima akipiga kelele kwamba jiko la Bwana Kamaludin linawaka, na watu wakampigia makofi kwa kuigiza vizuri, hadi moshi ulipowaingia puani. Kwa hivyo, Jumanne ile aliposimama barazani baada ya sala ya alasiri akasema jambo ambalo hakujua kichwa chake wala miguu yake, na wazee wakamsikiliza bila hata mmoja kutabasamu, ilimpasa atambue palepale kwamba kuna kitu kimeharibika.

Hakutambua. Alichojua ni kwamba kusikilizwa ni kutamu, na kwamba yeye hakuwa amewahi kuuonja utamu huo.

"Ni nyegere," alirudia. "Kikohozi cha ng'ombe wetu kinaletwa na nyegere. Wataalamu wa Uingereza wamethibitisha."

"Nyegere huyu huyu?" aliuliza Bwana Kamaludin, mwenye zizi kubwa kuliko yote pale Mtangani. "Huyu mla asali?"

"Huyu huyu, Bwana. Ana kifua kikuu. Akipita malishoni, akikojoa nyasini, ng'ombe akala zile nyasi, basi."

"Subhanallah. Na mgongo wake ulivyo mweupe, ungedhani atoka kusali Ijumaa!"

"Ndiyo kawaida ya wanafiki," akadakia mwingine, na baraza nzima ikaitikia kwa vichwa.

Mtangani ni kijiji cha kisiwa cha Pate chenye minazi, ng'ombe, na watu wanaoamini kwamba kuchemsha maziwa ni kuyatukana. Tangu mwezi uliopita ng'ombe walikuwa wakikohoa na kukonda hadi mbavu zikahesabika. Jumatatu alikuwa amekuja Daktari Umulkheir, daktari wa mifugo kutoka Lamu mjini. Akawadunga ng'ombe sindano ndogo kwenye ngozi ya shingo, akaeleza kwamba atarudi Alhamisi kutazama: atakayekuwa amevimba pale penye sindano, huyo ana kifua kikuu. Mpaka siku hiyo ng'ombe wasitembezwe na maziwa yachemshwe.

Aliwadunga ng'ombe wote wa Mtangani, ila mmoja.

Huyo mmoja aliitwa Mheshimiwa, na mwenyewe alikuwa Shuaib. Alikuwa fahali mwekundu mwenye nundu kama kifurushi cha msafiri, na hadithi yake ilikuwa fupi. Shuaib alipopeleka posa kwa Bwana Athman, babake Raihana, alijibiwa hivi: "Kijana ana maneno mengi. Mwanangu hatakula maneno. Arudi akiwa na kitu kinachopumua." Shuaib akaenda Langoni, mtaa wa Lamu mjini, akabeba mawe na chokaa miaka miwili kwenye nyumba za watu mpaka mabega yakaota sugu, kisha akavuka bara akarudi na Mheshimiwa. Posa ikapokewa. Harusi ikapangwa baada ya Mfungo Mosi.

Na Mheshimiwa alipumua, hilo halikuwa na shaka. Tena siku hizi alipumua hata jirani wa nyumba ya tatu akamsikia.

Shuaib alikuwa amekisikia kikohozi hicho tangu wiki ya pili baada ya kumleta. Akajiambia ni vumbi. Vumbi lilipokwisha kwa mvua, akajiambia ni mvua. Wakati huo fahali alikuwa akiazimwa kila nyumba yenye jike, na kwa muda wa miezi minane hakukuwa na zizi pale Mtangani ambalo Mheshimiwa hakulizuru kikazi. Basi Jumatatu ile, kabla daktari hajashuka bandarini, Shuaib alimkokota fahali wake hadi shamba la mwisho, karibu na mikoko, kwa sababu ghafla aliona kwamba anahitaji hewa ya bahari.

Jumanne asubuhi dhamiri ikamwuma kidogo, naye akaitafutia dawa kwenye simu. Akauliza ni nini kinachowaletea ng'ombe kifua kikuu. Simu ikamletea makala ndefu ya Kiingereza kutoka nchi za baridi, na katika aya ya pili akakutana na mnyama aitwaye "badger". Akauliza kamusi. Kamusi ikajibu: nyegere.

Shuaib aliruka kitandani. Nyegere! Yule yule aliyemvunjia mizinga mitatu ya nyuki kati ya minne, akala asali, akamwachia nta na matusi! Hakimu wa kesi hiyo alikuwa pia mlalamishi, shahidi na mwenye mizinga, lakini hilo halikumsumbua. Akaanza aya ya tatu, na hapo bando likaisha. Aya ya nne, ambayo ingemwokoa na aibu yote hii, hakuiona.

Basi akaenda barazani na aya mbili na nusu.

"Sasa tufanye nini?" Bwana Kamaludin aliuliza, na swali hilo, kwa mara ya kwanza katika historia ya Mtangani, liliulizwa huku watu wakimtazama Shuaib.

"Tumtafute," akasema Shuaib. "Shimo lake nalijua. Liko nyuma ya mizinga yangu."

"Alhamisi," Bwana Kamaludin akakata shauri. "Lakini kwanza tufanye zinguo la mji. Hatuendi kupigana na balaa mikono mitupu. Ng'ombe azungushwe mji mzima kwa Kurani na dua, atindwe, watu wale, kisha twende tukamchimbue huyo mnafiki."

Hiyo ilikuwa desturi ya wazee wao: balaa ikishuka, ng'ombe huongozwa kuuzunguka mji, hupita mbele ya kila nyumba, huchinjwa, na nyama hugawiwa kila mtu. Shuaib aliipenda sana desturi hiyo, hasa sehemu ya nyama.

"Na ng'ombe atatoka wapi?" mtu akauliza. "Wote wagonjwa."

"Si wote," akasema Bwana Kamaludin, na uso wake ukachanua. "Mheshimiwa hakudungwa. Hana neno. Na aliyeiona balaa ndiye apasaye heshima ya kuiondoa. Au vipi, Shuaib?"

Shuaib alifungua kinywa. Kinywa chake, ambacho hakikuwahi kukosa jibu tangu kilipoota meno, kikabaki wazi kama duka lisilo na bidhaa.

"Kanyamaza kwa furaha," Bwana Athman akasema, akampiga begani. Hakuwa amewahi kumgusa. "Mwanangu, ukilitoa hilo fahali kwa ajili ya watu, mimi sikudai tena kitu kinachopumua. Na kama ada, maini na mapafu yatakuya kwetu. Raihana hupenda mapafu ya kukaanga."

Alipokuwa akirudi nyumbani Shuaib alipiga hesabu, na ubaya wa hesabu yenyewe ni kwamba ilikubali. Mheshimiwa akichinjwa Alhamisi, hakuna atakayemdunga sindano. Siri itakwenda chunguni. Yeye ataoa, tena kwa sifa. Nyegere atachimbuliwa na mizinga itapumzika. Kila mtu angepata kitu: mji ungepata baraka, wazee nyama, Bwana Athman mkwe, na Raihana... Hapo hesabu ilikwama. Raihana angepata mapafu.

Akajaribu kuipiga upya kwa kuanzia mwisho. Ikakwama palepale.

Alhamisi saa tatu asubuhi Mheshimiwa alikuwa ameogeshwa, ametandikwa leso mpya mgongoni na kuvishwa shada la yasmini kwenye pembe. Shuaib ndiye aliyeshika kamba, akiwa na kanzu yake ya Idi. Nyuma yao walifuata wasomaji, mwenye chetezo cha ubani, na wanaume kumi na tano wenye majembe na mashoka ya kwenda kwa nyegere. Shuaib alijitazama akaona kwamba hakuwahi kupendeza kiasi kile, wala kujichukia kiasi kile, na vyote viwili kwa kanzu moja.

Zizi la kwanza njiani lilikuwa la shangazi yake, Bi Mwanatumu, mwanamke ambaye ulimi wake uliwahi kumrudisha mkusanya kodi bandarini bila kodi. Daktari Umulkheir alikuwa amewasili, yumo zizini akipima shingo za ng'ombe. Bi Mwanatumu akatoka. Shuaib akajiandaa kutukanwa, kama ilivyo ada yao ya kusalimiana.

"Shuaib mwanangu," akasema, na sauti yake haikuwa na ukali hata chembe. "Marashi ana iwe zima shingoni, pamevimba pale penye sindano."

Marashi alikuwa ng'ombe wake wa maziwa. Shuaib alikuwa amenyweshwa maziwa yake, na kabla yake ya mamake, tangu ana meno mawili ya mbele hadi alipoota ndevu, na hesabu ya ndevu zenyewe si kubwa.

"Daktari asema hana budi kuondoka," shangazi akaendelea, akijifuta kwa ukingo wa buibui. "Haidhuru. Lakini huyo nyegere wako, yeo ntamtinda kwa mkono wangu. Haramu asiliwe, lakini kutindwa atatindwa!"

Hapo ndipo Shuaib alipoona alichokifanya. Uongo wake ulikuwa umeondoka barazani, ukafika kwa shangazi yake, ukavaa buibui, na sasa ulikuwa ukilia machozi ya kweli.

Mheshimiwa akakohoa. Kikohozi kirefu, cha kutoka kwenye misingi, kiasi kwamba maua mawili ya yasmini yakaanguka.

"Maskini," Bi Mwanatumu akasema, akimpapasa fahali. "Hata wewe amekufikia, baba."

"Si nyegere," akasema Shuaib.

"Nani?"

"Si nyegere, shangazi. Ni huyu. Ni Mheshimiwa. Alikuja nacho kutoka bara... kikohozi, namaanisha. Nilikisikia tangu wiki ya pili. Jumatatu nikamficha mikokoni asidungwe."

Mtu mwenye jembe akaanza kucheka, na kicheko kikapita safu nzima kama moto wa makuti.

"Wallahi, Shuaib! Hata mbele ya zinguo?"

"Tazama uso alioukunja! Huyu angeenda kuigiza Nairobi!"

"Shuaib," Bwana Kamaludin akaonya, "yeo si siku ya mizaha. Vuta ng'ombe twende ndia."

"Sifanyi mzaha!"

Wakacheka zaidi. Shuaib aligeuka huku na huku kama mtu aliyesahau nyumba yake ni ipi. Miaka ishirini na minne alikuwa akiwalisha watu hawa vichekesho. Sasa alipohitaji waache kula, hakuna aliyekuwa ameshiba. Akamwona Bwana Athman katikati ya kundi. Huyo hakucheka. Alikuwa akimtazama kwa makini, kama atazamaye sarafu aliyoisikia ikilia vibaya.

"Apa," akasema Bwana Athman.

Shuaib akalivua shada kwenye pembe za Mheshimiwa, akalishika mkononi bila kujua pa kuliweka. "Wallahi billahi, Bwana, fahali huyu mgonjwa nami najua. Na hayo mapafu msimpe Raihana."

Kicheko kikafa. Pakasikika shahidi wa kesi yenyewe tu, kikohozi, mara ya pili.

Daktari Umulkheir alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, kile chombo chake cha kupimia unene wa ngozi kikiwa mkononi. "Bwana Shuaib," akasema polepole, "mlete huyo mheshimiwa wako hapa. Na hao wenye majembe wanakwenda wapi?"

"Kwa nyegere," akasema Bwana Kamaludin, ambaye sasa alionekana kutokuwa na hakika na neno lenyewe. "Wataalamu wa Uingereza..."

Daktari akasikiliza kisa chote. Kisha akatoa simu, akatafuta picha, akawaonyesha. Wazee wakasukumana kuitazama. Alikuwa mnyama mnene wa kijivu, uso mweupe wenye michirizi miwili mieusi ikipita machoni.

"Huyu ndiye nyegere?" daktari akauliza.

"Huyu si nyegere," Bwana Kamaludin akasema. "Huyu kama paka aliyepakwa wanja na kipofu."

"Ndiye mnyama wa kwenye ile makala. Anaishi kwao, na kwetu hayuko. Kwa hiyo Kiswahili hakina jina lake, na kamusi ikamtafutia la jamaa yake wa karibu."

"Basi kamusi ni mshenga," akasema Bi Mwanatumu. "Imekosa mchumba wa haki ikamwoza wa jirani."

"Na hata huko kwao," daktari akaendelea, "ambako mnyama huyo hupata kifua kikuu kweli, wamegombana miaka na miaka. Wafugaji wanalia, apunguzwe. Wengine wanasema achanjwe, maana wakimwua, waliobaki hutawanyika na ugonjwa wao, wakaueneza mbali zaidi. Hawajamaliza. Lakini jambo moja wanakubaliana, na liko kwenye makala hiyo hiyo: ng'ombe huambukizwa zaidi na ng'ombe mwenzake. Hukusoma, Shuaib?"

"Ilikuwa aya ya ngapi, Daktari?"

"Ya nne."

"Bando liliishia ya tatu."

Safari hii hakuna aliyecheka, na Shuaib akaona kwamba, kwa bahati mbaya, huo ndio uliokuwa mzaha wake bora zaidi mwaka ule.

Daktari akamdunga Mheshimiwa sindano shingoni. Akawakumbusha wenye majembe kwamba mnyamapori analindwa na sheria, na anayemwua bila ruhusa hujibu mashtaka. Mashaka juu ya mnyama hupelekwa kwa wenye kupima, si kwa wenye mashoka. Akamgeukia Shuaib: kwa kuwa alilala jirani na fahali miezi minane, yeye naye aende zahanati akatoe makohozi yapimwe. Zinguo likasimamishwa. Wanaume wakarudi na majembe yao, wakiyabeba kama watu waliokwenda harusini wakakuta ni wiki ijayo.

Jumapili uvimbe wa Mheshimiwa ulikuwa kama ndimu. Aliondolewa siku hiyo hiyo pamoja na Marashi na wengine wawili, wakazikwa kwenye shimo refu lenye chokaa, mbali na visima. Shuaib ndiye aliyelichimba, siku nzima, kwa jembe lile lile lililokuwa limeandaliwa kwa nyegere. Hakuna aliyemwamuru. Hakuna pia aliyemsaidia. Mtu aliyebeba chokaa miaka miwili ili apate fahali alikuwa sasa akibeba chokaa ya kumfukia. Hata yeye, aliyezoea kukuta kichekesho kila mahali, hapo hakukikuta.

Jioni shangazi yake akamletea maji ya kunywa. Akaketi juu ya udongo.

"Ya Marashi nimekusamehe," akasema. "Si yeo. Lakini ntakusamehe, basi hesabu nimekusamehe. Wa mji nao utawaomba radhi nyumba kwa nyumba, na ukifika uwaambie wachemshe maziwa. Lakini bado mmoya."

"Nani?"

"Uliyemsingizia. Dhambi ya kumzulia mtu haifutiki mpaka umwendee mwenyewe."

"Shangazi! Ni nyegere!"

"Alikuwa nyegere hata Jumanne ulipomtia ina ovu la kikohozi mbele ya wazee kumi na wawili. Wanikodolea mato ya nini? Nenda."

Shuaib alijua kwamba anachezewa. Alijua pia kwamba amestahili. Jumatano, baada ya sala ya alfajiri, kulipopambazuka, akaenda kwenye mizinga yake akaushusha ule wa nne, wa mwisho uliokuwa mzima. Akauweka karibu na shimo, akaufungua kidogo, akarudi nyuma hatua kumi, akapiga magoti kwa adabu.

"Bwana Nyegere," akasema, "nilikuzulia kikohozi ambacho hukukohoa. Hii asali ni yako halali, si ya kuiba. Nakuomba radhi."

Nyegere akatoka. Mgongo wake ulikuwa mweupe kweli, safi, kama wa mtu asiye na kesi. Akautazama mzinga. Akamtazama Shuaib. Inawezekana alikuwa na mawazo yake kuhusu watu wanaopiga magoti mbele ya mlango wake asubuhi na mapema. Akageuka, akainua mkia, na kumjibu kwa ile silaha ambayo Mola amempa nyegere chini ya mkia.

Shuaib alioga kisimani, akajisugua kwa mchanga, ndimu na majani ya mwarobaini. Nyuki wa mzinga wa nne walimpita bila kumgusa. Hata wao walikuwa na mipaka. Naye hakuwa na nafasi ya kungoja harufu iishe, maana Bwana Athman alikuwa amemwita asubuhi hiyo hiyo, kwa jambo la posa.

Alibisha hodi akiwa na karatasi mkononi.

"Karibu..." Bwana Athman akaanza, na neno likamfia kinywani. Akashika pua kwa kilemba. "Simama hapo hapo. Usiingie. Ni nini hicho?"

"Nilikwenda kuomba radhi, Bwana."

"Kwa nani?"

"Kwa nyegere."

"Akasemaje?"

"Ndiyo hayo mnayoyasikia."

Nyuma ya pazia mtu akacheka, akajiziba kinywa, akashindwa. Bwana Athman akajikaza uso.

"Shuaib, nilikwambia uje na kitu kinachopumua."

"Sina tena, Bwana." Sauti yake haikuwa na mzaha, na hilo lilimtisha hata yeye. "Fahali nimemzika. Mizinga imekwisha. Nimebaki mimi tu, na hii karatasi ya zahanati. Kifua changu kisafi. Kama mwanirudishia posa, sina la kusema. Mungu shahidi, nilistahili."

Bwana Athman akaipokea karatasi kwa vidole viwili, akaisoma mara mbili kutoka mbali, mkono ukiwa umenyooshwa kama mtu ashikaye kaa. Jirani mmoja akafunga dirisha.

"Basi wewe wapumua," akasema hatimaye.

"Napumua, Bwana."

"Baba," Raihana akasema kutoka nyuma ya pazia, sauti yake ikipita ndani ya leso aliyojifunika puani, "mkubalie upesi aende akaoge. Yeye apumua, ni sisi ndio tusioweza."